Kusaidiana Katika Kuacha Pombe

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka na mwanachama wa Tawi la Nairobi



Kamati iliponiomba niseme mbele yenu juu ya kikundi kinachokutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha ofisi yetu, nilikubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba jina langu lisichapwe katika kitabu cha taarifa. Wanijuao waniona nimesimama hapa, na hilo halina neno. Lakini karatasi husafiri mbali kuliko mtu. Sababu ya sharti hili nitaieleza mbele kidogo, kwa kuwa nasikia limewaudhi wazee wawili watatu.

Habari za ulevi wangu sitazisimulia. Ninyi mwazijua kuliko mimi, kwa maana mlikuwa mkiona wakati mimi sioni. Nililoitwa kulisema ni namna mtu apatavyo nafuu, na hilo si wengi walijualo.

Watu hudhani ya kuwa mlevi hunywa kwa kuwa aipenda pombe. Huenda ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Lakini aliyefika mbali hunywa kwa sababu nyingine kabisa. Asubuhi mikono yatetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki, jasho lamtoka, na moyo wapiga kama wa mtu anayekimbizwa. Funda la kwanza ndilo limtulizalo. Kwake yeye pombe imekwisha kuwa dawa ya ugonjwa ambao pombe yenyewe imeuleta. Shirika la Afya Ulimwenguni linauhesabu uteja wa pombe katika orodha ya magonjwa, na waganga wetu hapa Kenya hivyo hivyo. Sisemi haya ili kumwondolea mtu wajibu wake. Mgonjwa wa kifua kikuu naye hana budi kumeza vidonge vyake kila siku, hata akijiona mzima.

Kutokujua jambo hili kumekwisha kutugharimu uhai wa mtu, na sina budi kulitaja ingawa si la kupendeza. Mwenzetu mmoja alikuwa akija Jumamosi, akaacha kuja, akarudi pombeni. Ndugu zake wakaona vema wamfungie chumbani huko nyumbani ili pombe imtoke. Walifanya hivyo kwa upendo, nami siwalaumu. Siku ya kwanza alitetemeka. Siku ya pili akaanguka kifafa. Usiku wa kuamkia siku ya nne alikuwa akiongea na watu wasiokuwamo chumbani, na kabla ya mapambazuko akafariki. Waganga waijua hali hiyo: mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatizwa ghafula, kifafa chaweza kumjia ndani ya siku mbili, na kuweweseka na homa siku ya pili au ya tatu, asipotibiwa aweza kufa. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu, ikipunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, nayo hali ikapita baada ya siku chache. Kwa hiyo nawasihi kila mwenye ndugu wa namna hiyo: msimfungie. Mpelekeni kwanza hospitalini, na hayo mengine yatafuata baadaye.

Tulipokwenda kumzika tukakuta neno la pili. Jina lake lilikuwa limekwisha kufutwa katika daftari la chama, kwa kanuni yetu isemayo kwamba mwanachama ajaye mkutanoni amelewa mara mbili aondolewe. Na kwa kuwa hakuwamo daftarini, mfuko wa maziko haukuweza kumlipia mjane wake hata shilingi moja. Bwana Mweka Hazina alifuata kanuni, na kanuni hiyo tuliipitisha sote kwa mikono yetu. Sanduku tulilinunua sisi wa kikundi, watu kumi na mmoja, na wengine wao hawana kazi ya kudumu. Nitairudia kanuni hii kabla sijaketi.

Sasa niseme asili ya vikundi hivi, kwa maana hatukuvibuni sisi. Huko Marekani palikuwa na mtu aitwaye Bill Wilson, mfanyaji biashara wa hisa mjini New York, ambaye pombe ilikuwa imemfikisha hospitalini mara kadhaa. Aliacha mwezi wa Desemba mwaka 1934. Miezi iliyofuata alizunguka akiwahubiria walevi wengine, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Alijiona ameshindwa. Mkewe akamwambia neno la maana: wao hawajaacha, lakini wewe mwenyewe hujanywa. Na daktari wake, William Silkworth, akamshauri apunguze mahubiri, awaeleze watu hao habari za ugonjwa wenyewe.

Mwezi wa Mei mwaka 1935 Wilson alisafiri kwenda mji wa Akron, katika jimbo la Ohio, kwa shauri la biashara, na shauri lile likaharibika. Akabaki hotelini peke yake, fedha hana, na kutoka baa ya hoteli akisikia vicheko. Ndipo alipotambua jambo ambalo mpaka leo ndilo shina la kazi yetu: kwamba yampasa amtafute mlevi mwingine wa kuzungumza naye, si ili amwokoe yule, bali ili yeye mwenyewe asinywe. Akapiga simu kwa mchungaji mmoja, na kwa kupitia watu wengine akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye naye mikono ilikuwa ikimtetemeka. Daktari alikubali kwa shingo upande, akasema atakaa robo saa tu. Walizungumza zaidi ya saa sita. Yule daktari alikuwa amekwisha kusikia mashauri ya kila namna kutoka kwa watu wasiokunywa. Lakini huyu wa sasa alikuwa akizungumza habari zake mwenyewe wala hakumwonya kwa lolote. Smith aliteleza mara moja baada ya hapo, kisha tarehe 10 Juni 1935 akanywa kwa mara ya mwisho, na hakunywa tena hata alipokufa mwaka 1950. Tarehe hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Kitabu chao walikichapa mwaka 1939, na leo vikundi vyao vimo katika nchi nyingi mno, Kenya ikiwa mojawapo.

Wazee wangu, mwaona hapo tofauti na desturi yetu. Sisi mtu akishindwa na pombe twaita baraza la ukoo. Wazee saba huketi upande mmoja, naye upande wa pili peke yake. Wasema maneno ya haki, yeye ainamisha kichwa, aahidi, na yamkini aahidi kwa moyo wote. Jioni yake ana aibu mpya juu ya ile ya zamani, na dawa ya aibu aijuayo ni moja tu. Sisemi baraza lisiitwe. Lakini neno la mtu ambaye hajapata kutetemeka halifiki mahali lifikapo neno la aliyetetemeka.

Katika chumba chetu mambo ni madogo kiasi cha kumshangaza mgeni. Twaketi duara. Mmoja afungua kwa kusema jina lake la kwanza na idadi ya siku ambazo hajanywa; wengine huhesabu miaka, mwingine siku mbili. Kila mtu asema habari zake, hapana anayemjibu wala kumshauri, na asiyetaka kusema akae kimya anywe chai. Hatuahidi kuacha milele. Twaahidi leo, basi. Wazee wengi hulicheka jambo hili, nami nililicheka pia siku ya kwanza, mpaka nilipoona ya kuwa leo yaweza kushikwa na milele haishikiki. Mgeni hupewa namba za simu za watu wawili, ili hamu ikimjia usiku wa manane apige kabla ya kufungua chupa. Mimi nimepigiwa saa nane za usiku na mtu aliyekuwa amesimama nje ya baa. Tulizungumza habari za ng'ombe hadi baa ikafungwa. Sidhani tulitaja pombe hata mara moja, na asubuhi mimi ndiye niliyeamka nikiwa na nguvu zaidi.

Na anayeteleza? Huyo hurudi, akaanza kuhesabu tena tangu siku ya kwanza, na hapana amwulizaye kwa nini. Yuko mwenzetu aliyerudi mara nne. Leo yuko katika mwaka wake wa tatu, na ndiye ashikaye birika.

Mtu aweza kuuliza kama haya ni zaidi ya faraja tu. Mwaka 2020 jumuiya ya utafiti wa tiba iitwayo Cochrane ilichapa mapitio ya tafiti 27, zenye watu 10,565. Katika tafiti zile zilizo imara zaidi, watu walioongozwa kwa utaratibu maalum kuingia katika vikundi vya Alcoholics Anonymous, 42 katika kila 100 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja. Na waliopewa tiba nyingine za mashauri, 35 katika kila 100. Mkipiga hesabu mtaona ya kuwa hata huko walio wengi walikuwa bado hawajafika. Basi asiwadanganye mtu kwamba chumba chetu huponya kila aingiaye. Lakini tofauti ya watu saba katika kila mia moja si ndogo kwa wake na watoto wa hao saba. Na gharama ya chumba ni sukari na majani ya chai.

Sasa nije katika habari ya majina. Bwana Katibu, kwa nia njema, alituomba orodha ya watu wa kikundi ili iingizwe katika taarifa ya mwaka kama zilivyo orodha za wazishi na za timu ya kandanda. Tulikataa, na baadhi yenu mkaona ni kiburi. Si kiburi. Wako kati yetu mwalimu, dereva wa matatu na mwuguzi. Mwajiri akisoma jina la dereva wake katika orodha ya namna ile hatauliza ameacha tangu lini. Na mtu ambaye bado anywa, akijua kwamba kuingia chumbani ni kuandikwa, hataingia. Iko na sababu ya pili: mtu akitajwa na kusifiwa hadharani kwamba ameshinda, kisha akateleza, watu husema kikundi kizima ni uongo.

Kwamba hofu hii si ya bure, historia yathibitisha. Mwaka 1840 mjini Baltimore, pia huko Marekani, walevi sita waliokuwa wakinywa pamoja katika mkahawa mmoja waliweka ahadi ya kuacha, wakajiita Washingtonians. Walikuwa wakisimulia habari zao mbele ya makutano, na kwa miaka michache wakawa maelfu kwa maelfu. Kisha wakajiingiza katika siasa na mabishano ya sheria za pombe, wasemaji wao wakajulikana kila mahali, na kabla ya muongo kwisha chama kikawa karibu kimetoweka. Wilson na wenzake, waliokuja karibu miaka mia baadaye, waliandika miongozo kumi na miwili iliyokubaliwa katika mkutano wa Cleveland mwaka 1950: kikundi kisifungamane na siasa wala dhehebu, kijitegemee kwa michango ya watu wake, na majina yasitangazwe katika magazeti. Ndiyo sababu tulizirudisha kwa shukrani zile shilingi elfu ishirini za chama. Ndiyo sababu pia tulimkatalia bwana mmoja, aliyekuwa akigombea kiti, ambaye alitaka kutuvika fulana zenye picha yake. Fulana zenyewe zilikuwa nzuri.

Neno lililo gumu kuliko yote, wazee, lahusu chungu. Sisi ni watu wa chungu. Busaa yetu hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, ukatiwa kimea cha wimbi, nayo hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mwenye mrija ndiye mwenye kauli. Penye mahari, penye matanga, penye kupatanisha mashamba, asiyeshika mrija ni kama hakuja. Na akiukataa mrija wa wakwe zake amewakataa wenyewe. Mtu aliyekwisha kukaa miezi kumi bila pombe hurudi nyumbani kwa mahari ya binti yake, na hapo ndipo aangukapo. Baani hakuanguka. Ameanguka mikononi mwa wazee wampendao, kwa kuogopa kuwavunjia heshima.

Najua kisa kimoja kilichokwenda vizuri, na mwenyewe ameniruhusu kukisimulia. Siku ya mahari ya bintiye, baba yake mdogo, mzee aliyezidi miaka themanini, alisimama kabla ya mirija kugawanywa akasema, "Wakwe zetu, mrija wa mwanangu huyu nitaushika mimi. Yeye ana sababu zake, nami nazijua, na heshima yenu iko palepale." Akaushika mirija miwili, wake na wa mwanawe. Yule bwana akaletewa uji wa wimbi katika kibuyu, akazungumza mahari hadi jua likatua. Wakwe hawakuona dharau. Mmoja wao alipokuwa akiaga alimvuta pembeni akamwuliza kikundi hicho hukutana wapi. Hakuna kanuni ya chama iwezayo kufanya alilolifanya mzee yule kwa maneno machache. Ni ninyi wenye ndevu nyeupe muwezao.

Kwa habari ya chang'aa sina mengi. Ilihalalishwa kwa masharti na sheria ya mwaka 2010, ile ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho, iliyotaka itiwe katika chupa za glasi na kupimwa. Lakini iuzwayo mitaani aghalabu haijui chupa wala kipimo. Mwezi wa Mei mwaka 2014 zaidi ya watu 80 walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa pombe iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Februari mwaka 2024 zaidi ya watu kumi walikufa Kirinyaga. Mwezi wa Julai mwaka 2015 serikali iliamuru pombe kali za bei ya chini zimwagwe, zikamwagwa mitaroni kwa maelfu ya lita. Zilirudi. Mlevi alikuwa bado yupo, akizingoja. Na msisahau ya kuwa mama apikaye chang'aa mara nyingi apikia karo ya shule. Tukitaka aache, chama hiki chenye mfuko wa mikopo kiketi naye kwanza.

Akina mama wa tawi letu wamekwisha kututangulia katika jambo moja. Lois Wilson, mke wa yule bwana niliyemtaja, pamoja na mwenzake walianzisha mwaka 1951 vikundi vya jamaa za walevi, viitwavyo Al-Anon, kwa kuwa waliona ya kuwa aishiye na mlevi naye huugua kwa namna yake: huficha, husema uongo kwa mwajiri wa mumewe, hulipa madeni ya baa, hukesha akisikiliza mlango. Wake za watu wetu sasa hukutana Alhamisi. Yanayosemwa humo hatuyajui, wala hatuulizi.

Bwana Mwenyekiti, nina maombi matatu, nami nimeyaandika na kumkabidhi Bwana Katibu.

La kwanza lahusu kanuni ile. Hatuombi ifutwe, mtu akija amelewa na atolewe nje ya mkutano. Twaomba kuondolewa kwake katika shughuli za chama kusimwondoe katika mfuko wa maziko, madhali ada yake imelipwa au ndugu yake amekubali kumlipia. Mjane hakunywa. Twaomba pia majina matatu yaliyofutwa mwaka huu yarudishwe katika mfuko huo, na ada zao zilizosalia tumezileta leo.

La pili ni kwa wazee wa matawi ya nyumbani: kwamba katika kila shughuli, kabla ya mirija kugawanywa, mzee mmoja atangaze ya kuwa uji upo kwa atakaye, pasipo kumtaja mtu.

La tatu ni dogo. Ufunguo wa chumba cha nyuma u mfukoni mwa Bwana Mweka Hazina, naye Jumamosi nyingine huwa amesafiri, nasi tukasimama uani na birika letu. Mgeni wa siku ya kwanza akikuta mlango umefungwa hangoji. Twaomba ufunguo wa pili, tuwe nao kila Jumamosi kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Viti tutavirudisha mahali pake, na chai twaja nayo wenyewe.